Kumbukumbu za Chumba cha Mashuka

Dada yangu husoma akiwa amesimama. Alianza hivyo siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha mashuka, ambamo mashuka yalipisha kompyuta, na hata sasa, miaka tisa baadaye, hajabadilika. Huingia, huweka mkoba juu ya rafu iliyokuwa ya foronya, huwasha skrini, na kabla ya kuvua sweta huandika neno moja refu ambalo mpita njia hawezi hata kulitamka, journalctl, akaliongezea maneno mawili matatu ya kusema "tangu jana". Kisha hukunja mikono kifuani na kusoma yote ambayo kompyuta kuu ya kituo cha afya imejiandikia tangu alipoiacha.

Kompyuta ile haiachi kuandika. Programu ikianza, inaandika. Programu ikianguka, inaandika. Muuguzi akikosea nywila mara tatu kwa sababu ana mtoto wa mgonjwa begani, hilo nalo linaandikwa. Kila mstari una tarehe yake, saa na sekunde zake, jina la aliyesema, halafu neno lenyewe. Mistari hiyo hufika maelfu kwa siku, na ile amri ya dada ndiyo mlango wa kuifikia. Ukiiambia ikuonyeshe makosa tu, itakuonyesha makosa tu. Ukitaka ya Jumanne saa nane, itakupa ya Jumanne saa nane. Na mistari ikizidi ikajaza diski, amri hiyo hiyo ndiyo huifagia.

Nilimwuliza siku moja kwa nini haketi.

"Nikiketi nitaanza kazi," alisema. "Kwanza nisikilize."

Ni tabia ya tangu utotoni. Mtaani kwetu walikuwapo watu wazima wasiojua kusoma, nao wakipata barua walimjia dada, mtoto wa miaka kumi, mwenye sauti kavu kama ya karani wa mahakama. Mama mmoja alimwomba aruke mahali penye habari mbaya. Dada alisoma hadi pale, akameza mate, akasoma na pale. Baadaye tulipomsuta alisema, "Niliambiwa nisome. Sikuambiwa nichague." Yule mama alilia, akafuta machozi, na mwezi uliofuata akaleta barua nyingine kwa dada yule yule.

Kazini wanamwita Mama Mashine, ingawa hana mtoto. Mwaka wa kwanza jina hilo lilimchoma. Mwaka wa pili alianza kuliitikia. Aliyemwita hivyo kwanza, na aliyelifanya likawa tamu, ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtunza majalada wa kituo, ambaye naye jina lake la kazi lilikwisha kulimeza lile la wazazi. Tunamwita Mzee Jalada.

Mzee Jalada alikuwa na chumba kirefu chenye harufu ya karatasi na gundi. Kwa miaka thelathini na mmoja kadi ya kila mgonjwa na barua ya kila mfanyakazi ilipita mkononi mwake: aliitoboa, akaitia uzi, akaiandikia namba ya ukurasa kwa wino mwekundu. Mashine ilipoletwa, wengi walidhani atanuna. Hakununa. Aliichokoza.

"Mama Mashine, mwanao kaamkaje?"

"Kaamka na kikohozi, mzee wangu. Diski inamkwaruza."

"Mpe asali. Na ukimdekeza sana, siku moja nitamchomoa waya, tuone kama jalada langu litazimika."

"Thubutu! Utajibu wewe kwa wagonjwa wote."

Walisema hayo ukumbini mbele ya watu, karibu kila asubuhi, na watu walicheka. Hakuna aliyedhani kwamba mzaha nao huwekwa akiba.

Mwaka huo mama yetu alifanyiwa upasuaji wa jicho, na dada akachukua likizo ya wiki mbili kumwuguza. Ufunguo wa chumba cha mashuka alimwachia Mzee Jalada. Akamfundisha kitu kimoja tu: kwamba akikuta taa ya kijani imezimika, abonyeze kitufe cha mbele mara moja, asikishikilie, halafu asubiri. Mzee alirudia somo hilo kama mtoto anayekariri, akaandika kwenye kipande cha karatasi: *mara moja, usishikilie*.

Dada alirudi kazini Jumatatu, saa moja na nusu. Ukumbini hakuna aliyeuliza mwanaye kaamkaje. Mlango wa majalada ulikuwa umerudishiwa. Alibisha.

"Shikamoo, mzee wangu. Vipi, umeninunia?"

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anaona mpaka vumbi langu la chini ya kitanda, ananisema. Na wewe?"

Mzee alikuwa akipanga kadi zilizokwisha kupangwa. "Mwanao alikuwa anazimia," alisema. "Mara nne. Mimi nikimkuta yuko kimya namwamsha kama ulivyonifundisha. Mara ya nne Daktari Mkuu akanikuta kutoka mlangoni, nimeinama, kidole kiko kwenye kitufe."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mzee asiyeitaka mashine, aliyesema mbele ya watu wote kwamba ataichomoa waya, ana ufunguo, na amekutwa na kidole. Hata ningekuwa mimi ningejikamata."

Alijaribu kucheka lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa amebakiza siku kumi na moja za kazi kabla ya kustaafu. Daktari Mkuu alikuwa ameandika barua kwamba mtunza majalada amehujumu mashine ya kituo mara nne kwa makusudi. Ilibaki sahihi tu, nayo ingetiwa saa nane mchana, akifika mgeni kutoka makao makuu kuweka programu mpya. Na kwa kuwa pale kituoni barua zote huwekwa jaladani na mtu mmoja, barua hiyo Mzee Jalada angeitoboa mwenyewe, akaitia uzi na kuipa namba nyekundu, iwe ukurasa wa mwisho wa jalada lake.

"Mimi siogopi kusemwa," alimwambia dada. "Maneno hupita. Ila ile karatasi itakaa. Mjukuu wangu akija kuomba kazi hapa, mtu atafungua kabati, atavuta, atasoma. Mimi najua watu wanavyosoma majalada, mwanangu. Wanaanza nyuma."

Dada alichukua ufunguo wake, akamgusa bega, akatoka, na kabla hajafika kwenye mlango wake Daktari Mkuu akamwita.

Daktari Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa jambo liishe. Meza yake ina trei mbili, ya kuingia na ya kutoka, na usingizi wake hutegemea ile ya kuingia iwe tupu.

"Karibu tena. Pole na mama. Sikiliza, mgeni anakuja saa nane. Programu yake haiingii, diski imejaa. Makao makuu wanasema ni zile kumbukumbu za mashine, zimekula nafasi. Zifute."

"Zipi, Daktari?"

"Zote. Za miaka yote. Nani anazisoma?"

"Mimi."

"Basi umeshazisoma." Akatabasamu, akidhani amemtania. Kisha uso ukamrudia uzito. "Na habari za mzee umeshazisikia. Mimi sina chuki naye. Lakini mashine imezimwa mara nne, wagonjwa wamekaa foleni hadi jioni. Siwezi kufumba macho kwa sababu mtu ana mvi."

"Ni saa mbili sasa," dada alisema. "Naomba hadi saa sita kabla sijafuta."

"Fanya utakavyo, mradi saa nane pawe pasafi."

Ndivyo alivyoingia chumba cha mashuka akiwa na muda wa saa nne mkononi. Hakuandika "tangu jana". Aliitaka mashine imwonyeshe kwanza orodha ya maamko yake, maana kila inapowashwa huhesabu uhai mpya, na kwa kila uhai husema ulianza lini na ulikoma lini. Akaipata mistari mitano. Uhai mmoja ulikuwa mrefu, ulioanzia kabla ya likizo. Mingine minne ilikuwa mifupi. Mitatu kati yake ilikoma mchana, kati ya saa nane na saa tisa, na wa mwisho ulikuwa huu uliokuwa ukiendelea.

Akaufungua uhai uliotangulia huu, akateremka hadi mwisho wake, polepole. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiogopa kitu kimoja. Mtu akichomoa waya, mashine hukatwa kauli. Mstari wa mwisho huwa wa kawaida tu, pengine muuguzi amefungua kadi ya mgonjwa, halafu hakuna kitu, hadi itakapoamka. Kimya cha namna hiyo kingemmaliza mzee.

Hakikuwapo. Mashine ilikuwa imeaga vizuri. Programu moja baada ya nyingine ilisimamishwa, milango ikafungwa, diski ikaachiwa kwa utaratibu, kama familia inayofunga nyumba kabla ya safari. Moyo wake ukainuka, kisha ukashuka tena, kwa sababu kubonyeza kitufe nako huaga hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kitufe kikibonyezwa mashine hukitaja. Akapanda mstari kwa mstari akitafuta kitufe. Hakukiona. Alichokiona ni mstari mmoja mwekundu, wa ngazi ya juu kabisa ya hatari, uliosema kwamba joto limefika kikomo na kwamba mashine inajizima kujiokoa.

Akafungua uhai wa kabla ya huo. Mstari mwekundu. Wa kabla yake, mwekundu. Mara zote nne.

Asubuhi hiyo nzima macho yake yalikuwa kwenye skrini, ambayo iko usawa wa kifua. Mashine yenyewe hukaa rafu ya chini, pale palipokuwa blanketi. Ndipo alipoinamisha kichwa akaitazama.

Mashine ilikuwa imevaa. Ilikuwa imevikwa kifuniko cha sufu ya bluu chenye maua ya manjano, kilichotiwa bitana ya kitambaa kizito, kimeshuka mbele hadi juu kidogo ya taa na kitufe, na nyuma hadi kwenye waya. Mama yetu alikuwa amekifuma miezi mitatu, kwa ajili ya "kile chombo kinachomlisha mwanangu". Tangu macho yake yaingiwe na ukungu alikuwa akifuma kwa vidole, na vidole haviamini mpaka vikaze. Mafundo yake yalikuwa yamebanana hata hewa haikupata pa kupenya. Siku ya mwisho kabla ya likizo, dada, akihofia vumbi la wiki mbili, alimvisha mwanaye kifuniko hicho, akakinyoosha pembe, akafunga mlango kwa roho safi. Matundu ya kupumulia ya mashine yako juu na nyuma. Mchana jua lilipopiga ukuta wa upande ule, chumba kilipashika, na mashine ikachemka ndani ya upendo wa watu wawili.

Dada aliketi.

Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja juu ya sufu iliyokuwa na uvuguvugu kama kichwa cha mtoto mwenye homa ndogo. Aliagizwa afute. Amri ya kufuta alikuwa nayo kwenye ncha za vidole, neno moja, na mistari ile minne myekundu ingetoweka pamoja na ya miaka yote, kwa kibali cha Daktari Mkuu mwenyewe. Angekitoa kifuniko, akakitia kwenye mkoba. Mashine isingejizima tena, na kila mtu angesema: unaona, mzee alipokatazwa kuingia, imepona. Hakuna ambaye angemwuliza neno. Amekiri kwangu kwamba alilifikiria hilo kwa kadiri ya dakika tano, na kwamba katika dakika hizo alijichukia kidogo na kujihurumia sana.

Kisha akainuka, akamvua mwanaye nguo, akaikunja. Akaiambia amri ifagie kila kitu kilichozidi wiki tatu na kuacha cha ndani ya wiki tatu. Diski ikapumua, kumbukumbu za miaka zilikuwa zimekwenda, na nafasi ya mgeni ilitosha na kubaki. Halafu akachapa kurasa mbili: mwisho wa kila uhai katika ile minne iliyokwisha kukoma, na mistari yake myekundu.

"Daktari," alisema, saa tano na robo, "pamesafishwa. Lakini mzee hakuizima mashine."

"Una uhakika gani?"

"Imesema yenyewe." Akaweka karatasi mezani. "Ingechomolewa waya, hapa pangekatika ghafla. Hapajakatika. Kingebonyezwa kitufe, ingesema kitufe. Haikusema. Tazama hapa, na hapa. Joto. Imejizima ili isiungue. Mzee aliikuta imelala akaiamsha. Asingeiamsha, mngekaa gizani hadi nirudi."

Daktari Mkuu alivuta miwani. Alisoma kama asomavyo majibu ya maabara, bila kukunja uso. "Na joto limetoka wapi? Chumba kile kina feni."

Hapo ndipo dada alipopiga moyo konde. "Niliifunika mimi."

"Uliifunika na nini?"

"Na sweta, Daktari. Sweta ya sufu."

Daktari Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Mashine," alisema, "umeivisha sweta kompyuta ya serikali?"

"Yenye bitana."

Alicheka hadi akashika meza. Karani wa mapokezi alichungulia mlangoni kuona kuna nini. Lakini kicheko kilipokwisha, barua ilikuwa bado pale kwenye trei.

"Barua hii imeshapewa namba kwenye rejista," alisema. "Mia mbili na sita. Siwezi kuruka namba, nitaulizwa ilikwenda wapi."

"Usiruke. Andika nyingine kwa namba hiyo. Andika jina langu."

"Wewe ndiye niliyekusifia makao makuu mwezi uliopita."

"Sifa zikae, na barua nayo ikae. Zote mbili ni kweli."

Daktari Mkuu akaichana ile ya mzee vipande vinne, kisha akavuta karatasi mpya na kuandika karipio fupi, lisilo na ukali: mfanyakazi ameifunika mashine bila kujua madhara, amekiri mwenyewe, aonywe. Mgeni alifika saa nane, akaweka programu yake na kuondoka bila kujua kwamba alikuwa saa ya hukumu ya mtu.

Jioni dada alimweleza mama. Alikuwa amepanga namna ya kulisema lisimwumize, lakini kwa mama hakuna kupanga.

"Kwa hiyo nimeipikia mashine yako homa?"

"Sio wewe, mama. Mimi niliyeivisha."

"Na kweli ilisema yenyewe kwamba inaona joto?"

"Ilisema."

"Mara nne?"

"Mara nne."

"Maskini," mama alisema, akimaanisha mashine. "Sasa mbona hamkumsikiliza mapema? Lete nyuzi. Nitafuma ya matundu makubwa, kama wavu."

"Mama, hapana."

"Basi ya kuvaa wewe. Na wewe unaonekana una baridi."

Asubuhi ya pili dada mwenyewe ndiye aliyepeleka barua kwa Mzee Jalada. Mzee alikuwa ameshasikia yote, ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia, na kulikuwa na muuguzi aliyekuwa akimpigia saluti kila mtu aliyevaa sweta. Mzee aliipokea barua kwa mikono miwili. Aliisoma, akaisoma tena.

"Hii siiweki."

"Utaiweka, mzee wangu. Umewahi kukataa karatasi?"

"Sijawahi."

"Usianze ukiwa umebakiza siku kumi."

"Mtoto mjinga wewe," alisema. "Ungenyamaza tu. Mimi naondoka, wewe bado una miaka ishirini hapa. Ungeniacha niende nayo."

"Ungeweza kuibeba?"

Mzee alilitoa jalada la dada, jembamba, akalifungua mezani, akaitoboa barua. Kisha akanyoosha mkono. "Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ile ya mashine. Kurasa mbili."

"Hiyo si barua, ni kumbukumbu tu za kompyuta."

"Ina tarehe?"

"Inayo."

"Saa?"

"Na sekunde."

"Inasema nani kasema?"

"Kila mstari."

"Barua za wakubwa wengi hazina hata hivyo vitatu. Lete." Akazitoboa kurasa zile mbili, akazitia uzi mara baada ya karipio, na akaandika namba kwa wino mwekundu: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. "Nimekwambia watu wanaanza nyuma. Basi atakayefungua ataanza na mashine, ndipo afike kwa Daktari. Atajua kwamba aliyeonywa ndiye aliyeleta ushahidi."

Alilirudisha jalada kabatini. Kisha, badala ya kufunga droo, alivuta jingine, la zamani, pembe zake zimelainika kama kitambaa. Lilikuwa lake. Kwa kanuni aliyoishika miaka thelathini na mmoja, mtu hasomi jalada lake mwenyewe. Barua zake zote alizitia uzi akiangalia tundu tu.

"Wiki ile ya mtafaruku niliugua siku moja, sikuja," alisema. "Sijui kama kuna mtu aliingia akaweka kitu. Nisomee ukurasa wa mwisho. Mimi natazama dirishani."

Akageuka. Nje wagonjwa wa asubuhi walikuwa wakipanga mstari. Dada alilifungua kwa nyuma.

"Ni ruhusa ya siku mbili. Ya msiba. Miaka kumi na mmoja iliyopita."

"Ya shangazi. Na baada yake?"

"Hakuna."

"Tazama vizuri, karatasi hugandana."

Alipapasa karatasi, akalitikisa jalada, akapitisha kidole kwenye uzi. "Hakuna kitu, mzee wangu. Limebaki gamba la nyuma tu."

"Funga," alisema Mzee Jalada, bado akiangalia nje. "Na ukaze uzi."